Heide, mchanga au matete: uchague vipi matembezi yako Uholanzi, kwa miguu au kwa baiskeli

Mtu akihamia Uholanzi, iwe kwa masomo Wageningen au Delft, iwe kwa kazi au kwa ndoa, hachelewi kununua baiskeli kuukuu. Anachochelewa kujua ni aipeleke wapi Jumamosi. Ramani imejaa kijani, kila mwenyeji anasifia kwao, na nauli ya treni si ya kuchezea. Kwa hiyo nalinganisha hapa sura tatu za nchi hiyo: nyika za Veluwe zenye vichaka vifupi viitwavyo heide, vilima vya mchanga vya pwani karibu na Haarlem, na ardhi oevu za Weerribben-Wieden na Biesbosch.

Msimamo wangu nautoa mapema. Usianze kwa kuuliza wapi ni pazuri zaidi, maana hutapata jibu. Uliza ardhi yenyewe inakubali nini: gurudumu, soli au kasia. Heide ni ya baiskeli. Mchanga ni wa miguu, hata kama wenyeji watakubishia. Ardhi oevu ina ujanja wake: baiskeli itakufikisha ukingoni, lakini usipoingia majini utarudi nyumbani umeona matete tu.

Nyika ya Veluwe

Heide ni kichaka kifupi, aghalabu hakifiki magotini, chenye majani madogo mno na maua ya zambarau. Huota kwenye mchanga usio na rutuba. Ukienda mwezi wa tano utaikuta ya kahawia, kavu, na utashangaa watu wanasifia nini. Maua hutoka kuanzia katikati ya Agosti hadi mwanzoni mwa Septemba, yaani majuma matatu hivi, na hata hayo yanategemea mvua. Kiangazi cha 2018 kilikuwa kikavu kiasi kwamba heide nyingi ilikufa, na waliokwenda mwaka uliofuata walikuta mabaka ya kijivu.

Nyika hii si pori la asili. Kwa karne nyingi wakulima wa Veluwe walichunga kondoo hapa. Walikuwa wakikata tabaka la juu la udongo pamoja na heide yake, wakalitandika mazizini, likachanganyika na samadi, kisha wakalimwaga mashambani. Palipokatwa kupita kiasi mchanga ulibaki wazi, upepo ukaanza kuuhamisha. Ndiyo asili ya Kootwijkerzand, eneo kubwa kuliko yote ya mchanga unaohama katika Ulaya Magharibi. Mbolea ya viwandani ilipoingia, kazi hiyo ikapoteza maana, na sehemu kubwa ya nyika ikapandwa misonobari. Heide iliyobaki inatunzwa kwa makusudi: makundi ya kondoo yanapitishwa humo, na miche ya misonobari inang'olewa kila mara. Bila hivyo msitu unaichukua. Mfugaji wa Monduli angelielewa jambo hili haraka kuliko mtalii wa Amsterdam.

Jina linalotajwa zaidi ni De Hoge Veluwe, hifadhi ya hekta 5,400 hivi kati ya Arnhem, Ede na Apeldoorn. Ilianzishwa na mfanyabiashara Anton Kröller na mkewe Helene Kröller-Müller, waliokuwa wakinunua ardhi hapa tangu 1909. Bwana alipenda uwindaji, bibi alipenda picha. Mali ilipowaishia, mwaka 1935 hifadhi iliwekwa chini ya wakfu, na makumbusho ya bibi yakafunguliwa humo humo msituni mwaka 1938. Leo yana michoro ya rangi ya Vincent van Gogh inayokaribia 90, na ile ya kalamu na penseli zaidi ya 180. Ni mkusanyiko wa pili kwa ukubwa duniani. Kwa hiyo mvua ikikukuta Hoge Veluwe una pa kujificha pa maana, jambo ambalo pwani na kwenye matete hulipati.

Kiingilio kipo, na si kidogo kwa mwanafunzi. Cha makumbusho kinalipwa juu yake. Lakini ndani ya bei hiyo kuna baiskeli nyeupe zipatazo 1,800, zimepangwa kwenye malango matatu ya Otterlo, Hoenderloo na Schaarsbergen. Unachukua yoyote na unaiacha popote panapoegeshwa nyingine. Haina kufuli: ukiingia makumbusho na kutoka ukakuta mwenzio kaondoka nayo, nawe unachukua ya mwingine. Haina gia, na haina breki za mkononi. Aliyekulia kwenye Phoenix atapapasa usukani bila kupata kitu. Breki ni ya pedali, unairudisha nyuma kwa mguu. Izoee hapo hapo langoni, usisubiri mteremko. Zipo pia za watoto na zenye viti vya kubebea watoto.

Kwa nini nasema heide ni ya baiskeli? Kwa sababu nyika ni pana na inabadilika polepole. Kwa miguu utatembea saa nzima na mandhari yatakuwa yale yale: anga, zambarau, msonobari mmoja mmoja. Kwa baiskeli, katika saa hiyo hiyo unapita heide, mchanga mtupu, msitu na mabwawa, na hapo ndipo Veluwe inapoanza kueleweka. Hifadhi ina zaidi ya kilomita 40 za njia za baiskeli. Wengi huingilia Otterlo kwa sababu ndilo lango la karibu na makumbusho, lakini njia yake ni ya msituni zaidi. Mwenye pumzi aingilie Schaarsbergen, upande wa kusini; ni mbali, ila ndiyo njia inayopita nyika wazi.

Wanyama wapo: kulungu wekundu, nguruwe mwitu, paa wadogo wa Ulaya. Kondoo-mwitu aina ya mufloni wamepungua sana tangu mbwa mwitu wa Ulaya waingie miaka ya karibuni, na mabishano juu ya mbwa mwitu hao hayajapoa. Kuanzia Septemba hadi mwanzo wa Oktoba kulungu madume hunguruma kugombea majike. Nenda jioni, simama, nyamaza. Mtu aliyewahi kuona Mikumi atatabasamu kidogo kwa idadi ya wanyama, ila sauti ile atakiri hajawahi kuisikia.

Asiyetaka kulipa ana jirani wa bure: Veluwezoom, hifadhi ya taifa kongwe kuliko zote Uholanzi, ya mwaka 1930, na kilima chake cha Posbank chenye urefu wa mita 90 hivi. Hapa hukumu yangu inageuka. Posbank ina miinuko ya kweli, na baiskeli kuukuu isiyo na gia utaishia kuikokota. Nenda kwa miguu kutoka stesheni ya Rheden au Velp. Heide ikiwa imechanua, ukiwa juu unaona mikunjo ya zambarau ikishuka bondeni, na kwa macho yangu inaipita Hoge Veluwe. Tatizo ni kwamba Waholanzi nao wanajua, na mwishoni mwa Agosti wanajaa huko kuanzia saa nne asubuhi.

Vilima vya mchanga: majirani wawili, sheria mbili

Kusini na magharibi ya Haarlem kuna maeneo mawili yanayopakana, na wageni huyachanganya.

La kwanza ni Zuid-Kennemerland, hifadhi ya taifa tangu 1995, hekta 3,800 hivi, bila kiingilio. Ina njia nzuri za baiskeli zinazotoka Overveen na Santpoort, zinapanda na kushuka vilimani hadi baharini. Treni ya Zandvoort inasimama Overveen, na kutoka hapo hata miguu inatosha. Sehemu iitwayo Kraansvlak ina bison wa Ulaya waliorudishwa mwaka 2007. Wako ndani ya uzio, na njia ya miguu inayopita kwao hufunguliwa kipindi cha Septemba hadi Machi. Ukiwakuta, kaa angalau mita 50 mbali nao. Ng'ombe wenye manyoya marefu na farasi wa Konik utawakuta wakiwa wamesimama katikati ya njia, hawana haraka. Wapitie kwa mbali, usiwalishe.

La pili ni Amsterdamse Waterleidingduinen, hekta 3,400 za mali ya jiji la Amsterdam. Baiskeli hairuhusiwi kabisa, unaiegesha langoni. Mbwa pia haruhusiwi. Kiingilio ni euro chache, na milango iko wazi tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Kinachotolewa badala yake hakipatikani kwingi Uholanzi, nchi ambayo kila hatua ina kibao chake: ruhusa ya kuacha njia na kutembea popote utakapo, ukiondoa sehemu chache zilizozuiwa.

Mimi nachagua hili la pili, na sababu ni mbili. Moja ni kulungu wa madoa. Waliongezeka hapa hadi kufikia maelfu, wakala maua na machipukizi ya vilima vyote, hata jiji likaanza kuwapunguza kwa bunduki mwaka 2016 baada ya malumbano marefu. Bado utawaona wengi, tena kwa karibu, na mwezi wa Oktoba madume wao nao hupigania majike mchana kweupe. Sababu ya pili ni maji. Vilima hivi ndivyo vilivyoipa Amsterdam maji safi ya kwanza ya bomba, mwaka 1853, wakati mifereji ya jiji ilikuwa michafu na kipindupindu kinaua. Ndoo iliuzwa senti moja kwenye lango la Haarlemmerpoort. Karne moja baadaye mchanga ulikuwa umenyonywa kiasi cha kuanza kuingiliwa na chumvi, na kuanzia 1957 maji ya mto Rhine yakaletwa kwa mabomba, yakamwagwa kwenye mifereji ya vilimani ili yachujwe na mchanga. Ukitembea utaona mifereji hiyo imenyooka, na bata juu yake. Aliyesomea maji Delft hapa anatembea ndani ya kitabu chake, na hata asiyesoma, mtu wa Lamu anayejua kwamba visima vya Shela vinategemea mchanga nyuma ya kijiji, hatahitaji kuelezwa.

Kwa hiyo kwa nini mchanga ni wa miguu? Njia ya lami inapita kwenye mabonde kati ya vilima, ndiko rahisi kujenga. Ukiwa juu ya baiskeli unaona kuta za nyasi pande mbili na mgongo wa aliye mbele yako. Uzuri wa vilima uko juu na pembeni: kidimbwi kilichojificha nyuma ya kilima, maua ya okidi kwenye bonde lenye unyevu, nyayo za mbweha. Huko gurudumu haliendi. Pia upepo, ambao baharini hauna adabu, mtu wa miguu anaukimbia kwa kushuka bondeni.

Asiyetaka kuachana na baiskeli pwani aende kaskazini zaidi, Schoorl, penye vilima vipana na virefu kuliko vyote nchini. Kimoja kinafika mita 50 na ushee, na watoto hukipanda na kukishuka siku nzima pale kijijini. Hapo pana kitu cha ajabu kidogo. Karibu na mji wa Bergen mchanga wa pwani unabadilika: kusini una chokaa nyingi, kaskazini chokaa ni haba, na kwenye mchanga huo maskini heide inaota tena, hatua chache kutoka baharini. Anayetaka zambarau na bahari siku moja, jibu ni Schoorl. Moto uliteketeza sehemu kubwa mwaka 2009 na 2010, kwa hiyo sigara iache nyumbani.

Ardhi oevu: chukua chombo

Weerribben-Wieden iko kaskazini mwa mkoa wa Overijssel, hekta 10,000 hivi za matete, mifereji na maziwa. Nayo ni kazi ya mikono ya watu. Chini yake palikuwa na udongo mweusi wa mimea iliyooza, ambao ukikaushwa unawaka kama kuni. Wachimbaji waliutoa kwa mistari mirefu, wakaacha kuta nyembamba za ardhi za kuuanikia. Kwa tamaa kuta zikawa nyembamba kupita kiasi, na dhoruba kubwa za 1776 na 1825 zikazivunja. Mashimo yakaungana, yakawa maziwa. Baada ya hapo watu waligeukia kukata matete ya kuezekea, kazi inayofanywa mpaka leo majira ya baridi. Fisi maji walikuwa wametoweka nchini, wakarudishwa hapa mwaka 2002. Kuwaona ni bahati. Kinyesi chao kwenye madaraja utakiona.

Ukishuka treni Steenwijk, Giethoorn iko chini ya kilomita kumi. Ndicho kijiji cha nyumba za makuti ya matete na mifereji badala ya barabara, kinachopigwa picha na dunia nzima. Kipitie asubuhi na mapema au usikipitie. Kufika saa tano njia ya katikati imejaa watu na baiskeli unaikokota, huku mashua za kukodi zikigongana majini. Kwangu mimi bora Kalenberg na Ossenzijl, upande wa Weerribben: njia nyembamba kando ya mfereji, madaraja madogo ya mbao, nyumba chache. Baiskeli inakwenda vizuri, mradi ukubali kusimama kila mnapopishana na mtu. Kisha iegeshe Ossenzijl, kodi mtumbwi au mashua ya umeme isiyo na kelele. Wenyeji bado wana mashua za jadi zinazosukumwa kwa pondo, na mtu wa Mafia au Pate akipewa pondo hiyo atawashangaza. Kwa miguu, hapa ndipo penye njia chache kuliko kote. Njia zipo, lakini ni fupi, na nyingi zinaishia majini.

Biesbosch, karibu na Dordrecht, nitaipitia haraka. Ilizaliwa na mafuriko ya Novemba 1421, ambayo Waholanzi huyaita kwa jina la Mtakatifu Elizabeti. Ni msitu wa mierebi ambamo maji baridi hupwa na kujaa, kwa sababu mto unasukumwa na bahari. Tofauti ya maji ilikuwa karibu mita 2 hadi mlango wa bahari wa Haringvliet ulipofungwa mwaka 1970. Leo sehemu nyingi hazifiki hata mita moja. Biva, yule mnyama akataye miti kwa meno, walirudishwa mwaka 1988 na sasa magogo yaliyochongoka utayaona kila kona. Tai wa baharini mwenye mkia mweupe, jamaa wa furukombe wetu, anazaliana hapa. Baiskeli inafaa zaidi upande wa Noordwaard, karibu na Werkendam, ambako mashamba yamerudishiwa mto ili mafuriko yapate pa kupumzikia. Kwa mandhari wazi na ndege, Noordwaard naiweka mbele ya Weerribben. Kwa utulivu wa ndani ya matete, Weerribben.

Oostvaardersplassen, ardhi oevu nyingine kati ya Almere na Lelystad, mimi nisingekushauri kama siku ya kwanza. Ardhi yake ilikuwa chini ya maji mpaka 1968, farasi na kulungu ni wengi, lakini unawatazama zaidi kutoka ukingoni, na juu ya tuta la hapo ukingoni upepo utakukata.

Upepo, namba na kupe

Upepo wa Uholanzi mara nyingi hutoka kusini-magharibi. Ardhi oevu hazina kinga yoyote, heide ina misitu ya kukatizia, vilima vina mabonde. Anza safari ukiukabili, urudi ukikusukuma. Ukifanya kinyume, kilomita kumi za mwisho zitakuwa adhabu.

Njia za baiskeli zimeunganishwa kwa makutano yenye namba. Mtindo huo ulianzia Limburg ya Ubelgiji mwaka 1995, kazi ya mhandisi wa migodi Hugo Bollen, aliyeona kwamba kama namba zinamwongoza mchimbaji chini ya ardhi zitamwongoza na mwendesha baiskeli juu yake. Andika namba zako kwenye karatasi, ibandike kwenye usukani, simu ibaki mfukoni. Kama baiskeli yako iko mbali, stesheni nyingi zinakodisha baiskeli ziitwazo OV-fiets, ila unahitaji kujiandikisha kwanza kwa kadi yako binafsi ya usafiri. Baiskeli nzima ndani ya treni inalipiwa tiketi yake na hairuhusiwi saa za msongamano siku za kazi. Ya kukunja inapanda bure.

Kupe wapo kote kutatu, hasa kwenye nyasi ndefu. Wanaweza kubeba ugonjwa wa Lyme. Jikague jioni, nyuma ya magoti, kiunoni, watoto kichwani. Ukimkuta mng'oe siku hiyo hiyo, na ukiona baadaye duara jekundu linapanuka kwenye ngozi nenda kwa daktari wako wa familia. Huyu anayeruhusiwa kuacha njia vilimani ndiye hasa namwambia avae suruali ndefu. Nyoka wa sumu yupo mmoja tu Uholanzi, jamii ya akina kifutu, na makazi yake makubwa ni heide. Hupenda kuota jua njiani majira ya kuchipua, naye hukimbia ukikanyaga kwa kishindo.

Kama bado hujaamua

Mwenye watoto wadogo: Hoge Veluwe, kwa sababu ya baiskeli zenye viti na choo cha karibu. Mama akija kukutembelea kutoka nyumbani, naye hajapanda baiskeli tangu usichana wake au hajapanda kabisa: Overveen, njia pana za Zuid-Kennemerland, mwendo wa taratibu, kisha chai mbele ya bahari. Akipenda picha za kuchorwa, mpeleke makumbusho ya Hoge Veluwe; gari linaingia kwa malipo. Mwanafunzi wa Wageningen ana Veluwe mlangoni na hana sababu ya kulipa nauli mwezi wa nane. Mpiga picha za ndege: Biesbosch, alfajiri, majira ya kuchipua. Anayetaka kuwa peke yake na mawazo yake: Waterleidingduinen siku ya kazi, Novemba, nje ya njia.

Na mwenye siku mbili na hela ya malazi asichague. Avuke kwenda Texel. Pantoni kutoka Den Helder inachukua dakika 20, na tiketi unayokata kwenda ni hiyo hiyo ya kurudi. Upande wa magharibi wa kisiwa kuna vilima vyenye heide, kuna mabwawa wanakozaliana ndege waitwao domokijiko, na kuna De Slufter, bonde ambalo bahari huliingia kupitia mwanya wa vilima, likachanua zambarau ya aina nyingine mwezi wa saba. Kodi baiskeli bandarini uzungukie kisiwa, lakini ukifika De Slufter shuka, vua viatu, uingie kwa miguu maji yakiwa yamepwa. Sehemu ya kaskazini ya bonde hufungwa wakati ndege wanataga, kwa hiyo fuata vibao, na uangalie saa za maji kujaa kabla hujaenda mbali.